Siti binti Saad: Mwimbaji na Mwalimu Mwenye Asili ya Uzigua

Bonde la mto Lwengera limelala baina ya safu mbili za milima ya Usambara. Ndani yake imo Magoma, katika Wilaya ya Korogwe; na mtu akishuka kusini hadi mto Ruvu, ambao ukikaribia bahari huitwa Pangani, akauvuka, huingia Handeni, moyo wa nchi ya Uzigua. Ni nchi ijulikanayo kwa mkonge, kwa mahindi na kwa njia za biashara zilizoshuka pwani tangu zamani. Muziki unapozungumzwa, ni nadra nchi hii kutajwa. Walakini mwimbaji wa kwanza wa Kiswahili kusifika kwa santuri katika Afrika Mashariki yote alikuwa mwanamke ambaye mama yake alikuwa Mzigua. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad wa Unguja.

Mengi yajulikanayo juu ya maisha yake yaliokolewa na kalamu ya mtu mwingine wa upande huohuo wa bara. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka wa 1909, alimwendea Siti katika siku za mwisho za uhai wake, akamsikiliza, kisha akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1958. Siti alizaliwa karibu na mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini ya kisiwa cha Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi wa asili ya Tabora, na mama yake Mzigua wa asili ya Tanga. Lakini wazazi wote wawili walizaliwa Unguja. Jina alilopewa mtoto halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

Jina hilo linahitaji maelezo, kwa sababu ndani yake imo historia ya nchi nzima. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliingia Uzigua. Mvua ilikosekana, ghala zikawa tupu, na watu wengi walishuka pwani kutafuta chakula. Wako waliojiweka rehani wenyewe, na wako walioweka watoto wao, kwa matumaini ya kukombolewa mvua itakaporudi. Rehani nyingi hazikukombolewa. Wengine walipakiwa majahazini wakapelekwa Unguja, na wengine wakavushwa mbali zaidi hadi pwani ya Somalia. Njaa ilipopita, biashara ya watu haikupita. Bunduki zilizidi kuingia bara, na katika karne hiyohiyo walikuwapo Wazigua waliotekwa na Wazigua waliowateka jirani zao. Historia ya haki haina budi kuyasema yote mawili, maana dhuluma hiyo haikukaa upande mmoja wa mto.

Wazazi wa Siti, basi, walikuwa wa kizazi kilichozaliwa kisiwani kutokana na watu waliotolewa bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, katika zama za Sultani Barghash bin Said. Lakini kufunga soko hakukuwa kumfungua mtumwa. Hali ya utumwa ilikoma kutambuliwa na sheria mwaka wa 1897, na masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka wa 1909. Siti alikuwa msichana wa umri wa miaka kumi na saba hivi sheria ilipotangazwa. Sheria iliweza kuondoa hali, lakini haikuweza kuondoa jina, wala haikuweza kumpa mtu ukoo wa kujivunia mbele ya watu waliozoea kuuliza kwanza, "Huyu ni binti wa nani?" Swali hilo lilimfuata Siti maisha yake yote, na uimbaji wake wote waweza kufahamika kama jibu lake.

Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi. Mtumwa alijifunza kwa mama yake kuponda udongo, kuuumba na kuuchoma, kisha akabeba vyungu kwenda kuviuza mjini. Husimuliwa kwamba alipokuwa akinadi vyungu vyake njiani sauti yake ilisikika kutoka mbali, na watu walitoka milangoni si kwa haja ya chungu bali kwa haja ya kusikia. Mfinyanzi huuza kitu asichoweza kukirekebisha kikishatoka motoni. Ni lazima akiumbe vema kikingali kibichi. Katika shule hiyo ya udongo Siti alijifunza subira, jambo ambalo mwimbaji hulihitaji kuliko sifa. Mnamo mwaka wa 1911 aliliacha shamba la Fumba akahamia mjini, asiwe na mali, wala elimu ya kusoma na kuandika, wala ndugu mwenye cheo. Alichokuwa nacho ni koo lake.

Muziki alioukuta mjini ulikuwa na wenyewe. Sultani Barghash, aliyetawala toka mwaka wa 1870 hadi 1888, alipenda nyimbo za Misri, akamtuma Mohammed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza kupiga kanuni. Tangu hapo taarabu ilikaa katika jumba la mfalme, ikaimbwa kwa Kiarabu, ikasikilizwa na wateule. Mwaka wa 1905 mabwana wa mjini waliunda chama chao cha muziki, Nadi Ikhwani Safaa, nacho kilikuwa chama cha wanaume. Mwanamke wa asili ya utumwa hakuwa na kiti humo. Lakini mmoja wa wanachama wake, Ali Muhsin, alisikia sauti ya Siti, akaona kwamba kipaji hicho kikiachwa bila mafunzo kitapotea kama maji mchangani. Akamfundisha kuimba kwa mizani na kuifuata ala, na kisha akamjulisha kwa wapigaji wenziwe.

Tendo hilo la Ali Muhsin lastahili kutazamwa vizuri, kwa kuwa ndipo pazuri pa kuona maana ya ualimu. Yeye hakumpa Siti sauti, sauti ilikuwapo. Alichompa ni njia ya kuitawala: pumzi ianzie wapi, neno likatwe wapi, na udi uachiwe nafasi lini. Alimfungulia mlango ambao desturi ilikuwa imeufunga. Siti naye hakuingia peke yake. Karibu naye walikuwapo Maalim Shaaban, Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruku Talsam, wanaume ambao kwa kupiga na kuimba pamoja naye walifanya kundi moja. Nyimbo zao zilitungwa na kurekebishwa katika mazoezi ya usiku, huyu akitia ubeti, yule akiutengeneza, hata isijulikane mpaka wa kazi ya kila mmoja. Anayemsifu Siti akawasahau hawa anamsifu nusu. Jina la Mtumwa likatupwa hapo, na badala yake likaja Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mji uliokuwa ukiuliza ukoo sasa ulimpa jina ambalo ukoo wake haukuwahi kulipata.

Kisha ukaja mwaka wa 1928. Kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ambayo alama yake ni mbwa aketiye mbele ya santuri, ilimchukua Siti na kundi lake hadi Bombay, Bara Hindi, kutia nyimbo katika sahani. Wimbo wa taarabu katika arusi hauna haraka. Hurefushwa kwa kurudiwa beti na kwa watu kuinuka kutunza. Sahani ya zama zile ilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande. Ilimlazimu mwimbaji kuchagua beti, kubana maneno na kumaliza kabla ya sindano haijafika katikati. Kwa sahani hizo sauti ya Ng'ambo ya Unguja ilivuka bahari bila jahazi la watumwa, ikasikika Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, katika mikahawa na mabaraza ambako Siti mwenyewe hakupata kuketi. Wenye biashara walikuwa wamedhani kwamba wateja wa santuri katika pwani hii ni watu wachache wenye fedha. Waliposikia Kiswahili chao kikitoka katika tarumbeta ya mashine, watu wa kazi nao walinunua. Kampuni ilirudi kwa nyimbo zaidi katika miaka miwili iliyofuata.

Kampuni hiyohiyo ilikuwa imetia sahanini, tangu mwaka wa 1907, sauti ya mwanamke mwingine, Luisa Tetrazzini, mwimbaji wa opera wa Italia. Huyu alikuwa soprano, yaani mwenye sauti ya juu kabisa ya kike. Alizaliwa Florence mwaka wa 1871, na kwa hiyo alimzidi Siti umri kwa miaka tisa hivi. Mara ya kwanza alipanda jukwaani katika mji wake mwaka wa 1890, katika opera ya Meyerbeer iitwayo L'Africaine, yaani mwanamke wa Afrika. Hadithi ya opera hiyo ni ya Vasco da Gama, baharia yuleyule aliyefika Malindi mwaka wa 1498, na ya malkia aliyetekwa akafanywa mtumwa. Tetrazzini hakuimba sehemu ya malkia. Aliimba sehemu ya Inès, bibi wa Kireno. Mwaka ule watu wa Florence walipokuwa wakililia utumwa wa kubuni, huko Fumba mtoto wa kike wa miaka kumi hivi, aitwaye Mtumwa kwa kweli, alikuwa akiponda udongo wa vyungu.

Kulinganisha wanawake hawa wawili si kutafuta ni nani mkubwa. Tetrazzini alilelewa na nchi yenye majumba ya opera, vyuo vya muziki na sauti zilizoandikwa kwa nota. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1910 aliimba barabarani San Francisco, mbele ya umati mkubwa usiolipa kitu. Uzeeni alifundisha kuimba, na alipofariki Milano mwaka wa 1940 mali yake ilikuwa imekwisha. Siti naye hakuacha utajiri unaolingana na jina lake. Wote wawili walifanya mashine iwe na thamani, na wote wawili waliona kwamba mashine haimlishi mwimbaji kwa kiasi ilivyolishwa naye. Tofauti yao kubwa iko katika maneno. Tetrazzini aliimba maneno yaliyoandikwa na watu wengine juu ya watu wa mbali. Siti aliimba habari za mtaa wake, mbele ya wale ambao habari hizo zilikuwa zao.

Mfano mashuhuri ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitolewa matembezini Unguja, akauawa na mwanamume aliyeitwa hivyo. Mwuaji alitoroka kwenda bara, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliobeba mzigo wa adhabu. Mahakama ilikuwa imekwisha kusema neno lake. Wimbo ulisema neno jingine, na neno hilo ndilo lililokaa vinywani mwa watu miaka mingi baada ya daftari za mahakama kufungwa. Katika zama ambazo mwanamke wa Ng'ambo hakuwa na gazeti wala kiti cha baraza la kutunga sheria, wimbo ulikuwa hukumu ya rufaa. Hapa Siti alikuwa mwalimu kwa maana pana: aliwafundisha wasikilizaji kwamba jambo linalowauma laweza kutajwa hadharani, kwa adabu ya lugha, na asiyetajwa mahakamani akakumbukwa.

Wapinzani hawakukosekana. Walimsimanga kwa vyungu, kwa sura na kwa asili. Walimkumbusha alikuwa nani kabla hajavaa vizuri. Masimango yao yalikuwa ya nyimbo, maana hiyo ndiyo silaha ya waimbaji. Siti hakujibu kwa kujitungia ukoo wa uongo, ingawa wengi wa wakati wake walifanya hivyo ili wapate heshima. Alijibu kwamba thamani ya mtu haimo katika sura wala kizazi, bali katika akili na tendo. Jibu hilo ni jepesi kulitamka leo. Kulitamka katika mji ambao watu waliowahi kumiliki watumwa walikuwa wangali hai, na baadhi yao wameketi mstari wa mbele wakisikiliza, kulihitaji moyo.

Kuna jambo jingine la mwaka wa 1928 ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kulipita. Mwaka huohuo ambao Siti alikwenda Bombay, ulifanyika Mombasa mkutano wa wakuu wa elimu ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa kuisimamia kazi hiyo. Kiunguja kikapata njia mbili kwa wakati mmoja. Njia moja ilikuwa ya kitabu, ikipitia ofisi na shule. Njia ya pili ilikuwa ya santuri, ikipitia sikio. Waliofungua njia ya kwanza walikuwa wasomi wa serikali na wamisionari. Aliyetangulia katika njia ya pili alikuwa mfinyanzi asiyejua kuandika. Historia ya lugha ikiandikwa kwa njia moja tu, itakuwa imemwacha nje mtu aliyeifanya lugha hiyo ipendwe kabla haijaamriwa.

Hata hivyo haki ya Siti haitaki kutiwa chumvi. Husemwa mara nyingine kwamba yeye ndiye aliyeanzisha taarabu, au kwamba kabla yake hapakuwa na Kiswahili katika nyimbo za ala. Maneno hayo hayasimami. Taarabu ilikuwapo Unguja tangu Siti hajazaliwa. Na mashairi ya Kiswahili yaliimbwa Lamu, Mombasa na Unguja tangu zamani za wazee wa wazee. Alilolifanya ni dogo kuliko kuanzisha, lakini lina uzito zaidi. Aliutoa muziki wa jumba katika lugha ya jumba akautia katika lugha ya mtaa, mbele ya wenye jumba na wenye mtaa pamoja, naye ni mwanamke. Wengine walikuwa na lugha, wengine walikuwa na ala, wengine walikuwa na ruhusa. Siti aliyakutanisha yote, huku ruhusa hana.

Kuhusu mafunzo, Siti hakuwa na chuo wala hakutoa cheti. Nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa chuo. Mwanafunzi alikuja, akaketi, akasikiliza, akaitikia kiitikio, na siku moja akaachiwa ubeti. Miongoni mwa waliojifunza kwa kumsikiliza ni Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Yeye aliziimba nyimbo za Siti katika mabara mengi hadi uzee wake, akafariki tarehe 17 Aprili 2013. Namna hii ya kufundisha ina fadhila na hatari. Fadhila yake ni kwamba mwanafunzi hupokea wimbo pamoja na pumzi, tabia na adabu yake. Hatari yake ni kwamba mwalimu akifa pasipo kusikilizwa, chuo kizima huzikwa naye. Laiti pasingekuwa na santuri na wasifu wa Shaaban Robert, ingalibaki sifa tupu.

Siti alifariki mwezi wa Julai 1950. Baada yake jina halikulala. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoundwa mwaka wa 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti, kwa kuwa kazi yake ya kusema yasiyosemwa juu ya wanawake ilikuwa ndiyo kazi ya chama. Mwaka wa 2002 kilifunguliwa Unguja chuo cha muziki wa nchi za majahazi, na mambo ambayo Ali Muhsin aliyafundisha kwa siri ya urafiki yakaanza kufundishwa darasani, kwa wavulana na wasichana. Mwaka wa 2020 kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa sahani yenye nyimbo za bibi yake mkubwa. Kizazi kilichokuwa hakina ukoo wa kutaja kimekuwa ukoo wa kutajwa.

Imebaki kurudi Uzigua, ambako hadithi ilianzia. Wale Wazigua waliovushwa hadi Somalia walitoroka, wakakaa kando ya mto Juba, wakahifadhi Kizigua chao kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Vita vilipoivunja Somalia katika miaka ya 1990 baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ya babu zao, na wengi wakapata uraia. Hao walirudi na lugha ya kwao. Upande wa mama yake Siti haukurudi, wala haukuihifadhi lugha ya kwao. Ulipoteza Kizigua ukapata Kiswahili. Lakini sahani za Bombay ziliposhushwa Tanga na kuchukuliwa kwa garimoshi kuelekea Korogwe, sauti iliyotoka ndani yake ilikuwa ya binti wa nchi hiyo. Waliosikiliza waliisifu kuwa sauti ya Unguja, na hawakukosea. Ilikuwa pia sauti ya kwao, iliyochukuliwa rehani katika mwaka wa njaa, ikarudi imejikomboa yenyewe.